Tangulia, Baba

Karani wa mapokezi wa kliniki ya meno alijua kuendesha baiskeli tangu utotoni. Kilichomshinda ni mzunguko wa barabara nne, katikati ya safari yake ya kwenda kazini. Hapo alisimama kila asubuhi, mguu mmoja chini, akiwapungia mkono madereva: tangulia baba, pita mama, haya na wewe. Miaka kumi na minne ya kupanga wagonjwa kwenye foleni ilikuwa imemkaa mwilini. Nao madereva hawakujivunga, walipita.

Wiki hiyo alikuwa amechelewa mara mbili, na funguo za kliniki anakaa nazo yeye. Daktari, mtu asiyepandisha sauti, alisema tu, "Tukisimama nje tena, nitatafuta karani mwingine."

Siku iliyofuata alisindikizwa na wifi yake, dada wa mumewe, aliyesambaza barua kwa baiskeli miaka nenda miaka rudi.

Walipofika kwenye mzunguko, mkono wa karani ukaanza kuinuka wenyewe.

"Ushushe!" wifi akamkemea. "Hapa siyo sebuleni kwako. Unamkaribisha nani?"

"Ana haraka, maskini."

"Na wewe je, umekuja kupunga upepo? Walio ndani ya mzunguko, hao uwapishe. Hawa wanaosubiri kama wewe, mna zamu sawa. Toka hapo ukingoni, kaa katikati ya njia yako, nyoosha mkono, mtazame dereva mpaka akuone. Ukipata nafasi, ingia."

"Akinipigia honi?"

"Si atakuwa amekuona? Ushukuru."

Karani akajisogeza katikati. Upande wa kushoto lori lilikuwa likinyemelea zamu yake. Hapo akasahau kuogopa. Akamkazia dereva macho yale yale anayowakazia wagonjwa wanaoruka foleni. Lori likasimama kabisa. Dereva akaondoa hata mkono kwenye honi.

Nafasi ikapatikana, akaingia. Miguu haikuacha kukanyaga pedali, hadi akatokea upande wa pili mzima mzima.

Wifi, aliyekuwa bado anamshangaa, akakuta nafasi imeshazibwa na magari.

"Wifi, we! Nisubiri!"

"Siwezi!" karani akajibu kwa sauti, bila kugeuka. "Nitachelewa kazini!"