Pampu Aliyoifunga Mashoto

Kuna mafundi wanaoogopa injini za kisasa na kuna wanaoogopa wateja wasumbufu. Mashoto, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya mkono anaoutumia, aliogopa pampu ya petroli, kidude kisichozidi urefu wa kiganja. Injini nzima ataiteremsha na kuipandisha huku anapiga mluzi. Mtajie pampu, ghafla ana homa, ana safari, ana mgonjwa wa kumwangalia. Wenzake gereji walimcheka, na yeye akacheka nao.

Hawakujua. Miaka michache nyuma alimfungia kaka yake pampu mpya kwenye pikapu, asubuhi, mbio mbio, na mchana wa siku hiyo hiyo kaka yake akafa kwenye mteremko mrefu unaoingia mjini. Walioshuhudia walisimulia jambo moja: pikapu ilishuka kimya, haina mlio, kisha ikaacha barabara. Mashoto hakuhitaji kuelezwa zaidi. Injini ikizimika, breki zinakuwa ngumu na usukani unagoma. Na injini iliyokuwa nzima asubuhi itazimika vipi mchana, kama si pampu? Tena pampu aliyoifunga yeye.

Tangu hapo, akiinama tu juu ya tangi, mchana kweupe, gereji imejaa watu, alihisi mtu amesimama mgongoni kwake. Hakugeuka. Alikijua kile kikohozi kidogo, na alilijua swali litakalofuata: "Mdogo wangu, ulinifungia nini?" Liliulizwa kwa upole, na upole huo ndio uliomtesa. Spana ilimtoka mkononi. Angetukanwa, pengine angepata usingizi.

Sasa pampu ilikuwa imemfuata nyumbani. Shemeji yake, mjane wa kaka, alibaki na pikapu ya pili, kuukuu, ya aina moja na ile iliyoanguka, na ndiyo aliyoitumia kusambaza mikate ya tanuri lake. Injini yake ilikuwa imeanza kukatika-katika ikibeba mzigo, dalili ya pampu iliyochoka. Mama huyo alipomwendea amfungie mpya, Mashoto alimpiga chenga za kila namna, mwisho akamwambia atafute fundi mwingine.

"Mteremko ule ule naushuka kila siku, shemeji," mama yule alisema. "Unataka nifungiwe na nani?"

Mashoto aliangalia chini. Yule mama akamtazama kwa muda, akaondoka bila kuaga. Juma lililofuata alirudi, akamwambia neno moja tu, "Twende," na ukimjua shemeji yule, hilo si neno la kujadili.

Alimpeleka kwenye uwanja wa magari mabovu. Mwenye uwanja, mtu wa tumbo na maneno mengi, aliwapangia pampu tatu juu ya meza ya mbao.

"Chagua, fundi. Hii mpya kabisa, ona boksi linavyong'aa!"

Mashoto akajikaza kisabuni, akaipima kwa mkono. Ilikuwa nyepesi mno. "Orijino hapa ni boksi peke yake," alisema, na mwenye uwanja akacheka kama aliyesifiwa. Ya pili ilikuwa mpya pia, nzito, chujio lake limekaa sawasawa, haina mbwembwe. Ya tatu ilikuwa imetumika.

Alipoinyanyua ile ya tatu, aliisogeza karibu na macho. Mpira wake wa kupitishia mafuta ulibanwa kwa waya wa shaba, na ncha za waya zilisokotwa kuelekea kushoto. Mafundi wote anaowajua husokota kulia.

"Hii... imetoka wapi?"

"Kwenye ile pikapu ya mteremkoni. Iliumia mbele tu, tangi halikuguswa. Huyu mama amenisimamia mpaka nikaichomoa mbele ya macho yake."

Mashoto alitaka kukimbia. Nyuma yake kulikuwa na mtu amesimama, alimhisi kabisa, na safari hii hata pumzi zake alizisikia. Akageuka. Alikuwa shemeji yake.

"Iwashe," mama yule alimwambia mwenye uwanja.

Mwenye uwanja akaitumbukiza pampu kwenye beseni la petroli, akaunganisha nyaya za betri. Pampu ikanguruma. Petroli ikaruka kwenye mpira kwa nguvu, mfululizo, bila kukatika.

"Ni nzima," Mashoto alinong'ona.

"Ilikuwa nzima siku zote. Kaka yako alikuwa akifika juu ya mteremko anazima injini kwa mkono wake, anaiachia gari ishuke yenyewe, eti anaokoa petroli. Nimegombana naye mpaka nikachoka. Nilipokwenda kuitambua gari, nilikuta ufunguo umerudishwa mahali pa kuzima."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, shemeji? Watu waseme mume wangu kauawa na ubahili? Niliona aibu, nikameza. Sikujua kuna mtu anajihukumu. Nimejua siku ile uliposhindwa kunitazama usoni. Nisamehe."

Mwenye uwanja akapangusa meza isiyo na vumbi. Hatimaye akauliza, "Basi mnachukua hii?"

"Hapana." Mashoto alijishangaa kwa jinsi sauti yake ilivyotulia. "Imekaa kavu muda mrefu mno. Leo inanguruma, kesho itamwacha njiani. Tunachukua ile nzito. Nitaifunga mwenyewe, na nitashuka naye mteremko wote, injini inawaka."

Shemeji yake akaitikia kwa kichwa, akaanza kufungua pochi. Kwenye beseni pampu iliendelea kunguruma.

"Nizime, fundi?"

"Subiri kidogo."

Mashoto akakaa juu ya tairi bovu. Kwenye mazishi alisimama macho makavu, maana aliona aliyeua hana haki ya kulia, na ndugu walimsema sana kwa hilo. Sasa akafunika uso kwa mikono yenye petroli, akamlilia kaka yake.