Bega Kwenye Picha ya Tatu

Mtu aliyekaa miaka thelathini na moja kwenye chumba cha eksirei akiwaambia watu "vuta pumzi, zuia, usitikisike" hastaafu hivi hivi akakaa kutazama televisheni. Mama Eksirei alijaribu, akaweza wiki mbili. Wiki ya tatu akaitoa kabatini kamera aliyopewa na wenzake wa hospitali siku ya kumuaga, akaifuta vumbi, na tangu hapo nyumba ikakosa amani.

Kilichomtia wazimu kilikuwa HDR. Alikiona kwenye video mtandaoni, akairudia mara sita. Unaweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, unapiga picha ileile mara tatu: moja ya giza, moja ya kawaida, moja ya mwanga wa kupita kiasi. Halafu kompyuta inachukua uzuri wa kila moja na kukutolea picha moja. Ya giza inakupa dirisha na mawingu yake, ya mwanga inakufichulia vilivyojibanza kwenye kona.

"Mbona kazi hii naijua!" alipiga kelele peke yake jikoni.

Aliijua kweli. Kifua cha mtu ukikipiga kwa mwanga mdogo unaona mapafu, ukiongeza unaona mifupa. Ila enzi zake hakuna aliyemwambia kwamba vyote viwili vinaweza kukaa kwenye picha moja, na jambo hilo lilimuuma kidogo.

Alianza na sufuria dirishani. Akaja kwa viatu, ngazi za nyumba, paka wa jirani aliyegoma kutulia. Na chumvi alitia, usiseme! Alivuta kila kitufe cha kompyuta mpaka mwisho, mawingu yakawa ya zambarau, majani yakawaka. Binti yake alipopigwa picha siku moja akajiona kila kitundu cha ngozi, alishika kichwa. "Mama! Umenifanya gome la mti!" Kuanzia siku hiyo Mama Eksirei akaachana na nyuso za watu, akahamia kwenye kuta. Gereji zilizofungwa, maghala yasiyo na milango, uchochoro wenye michoro ya rangi za kupuliza ambayo hakuna anayejua nani kaichora. Kuta hazilalamiki.

Ndiyo maana Ijumaa ile, saa tisa alasiri, alikuwa mlangoni pa bwawa la kuogelea la zamani, anabembelezana na mlinzi.

"Ingia tu mama, lakini fanya haraka. Jumatatu mabuldoza yanakuja, wanaliangusha lote."

"Ndani kuna mtu?"

"Hakuna mtu," mlinzi alijibu, akaangalia viatu vyake.

Ndani, jamani! Bwawa lilikuwa kavu, vigae vimebanduka, paa limetoboka katikati na jua linashuka kupitia pale kama limemwagwa na ndoo. Na kule kwenye kina kirefu, ukutani, watu walikuwa wanaogelea. Watu waliochorwa, wakubwa kuliko mlango, tena na nguo zao. Fundi cherehani anaelea na cherehani yake. Muuguzi anapiga mbizi, kofia haijamtoka. Mlinzi wa mlangoni naye yumo, na rungu lake, amelala chali juu ya maji kama bwana mkubwa. Hao ndio waliopigwa na jua. Upande wa kulia, chini ya jukwaa la watazamaji, ukuta ulizama gizani, na Mama Eksirei akaona rangi rangi tu zisizo na sura.

Moyo ulimwenda mbio kama msichana wa shule. Alikita stendi, akarekebisha, akajisemesha. "Tulia mama, tulia. Usiiharibu." Ka! Ka! Ya tatu, ile ya mwanga mwingi, ilichukua sekunde mbili nzima. Hapo jua likahama, akafunga vitu vyake, akakimbilia nyumbani kuona alichovua.

Nyumbani alimkuta binti yake sebuleni. Amekaa juu ya sanduku la nguo, macho mekundu.

"Mama, nimemwacha."

"Umemwacha nani?"

"Mkweo. Ana mwanamke."

Mama Eksirei akaketi. Mkwewe huyo alikuwa karani wa bima, mtu wa tai na shikamoo, hajawahi kukaa kitini kabla mama mkwe hajakaa. Mwanamke?

"Kila Ijumaa, Mama. Ananiambia kikao. Leo nimepiga ofisini kwake, wananiambia hakuna kikao, hakujawahi kuwa na kikao. Simu kazima. Anarudi ameshaoga. Mtu anaoga kazini? Hata shati si lile aliloondoka nalo!" Alivuta kamasi. "Kesho kutwa wazee wa pande zote mbili wanakutana. Nimeshawaita. Naomba talaka, yaishe."

Mama alimkumbatia, akamchemshia chai, akamsikiliza mpaka maneno yakamwishia. Binti alipokwenda kulala kidogo, mama akafungua kompyuta. Msimlaumu. Mikono yake haijui kukaa bure mtu akilia.

Picha ilijiunga. Ukuta ukatokea, wa ajabu, na pembeni mwake ukatokea mzimu.

Ndivyo HDR ilivyo. Kitu kikisogea kati ya picha na picha, kompyuta inachanganyikiwa, inakuachia kivuli unachoweza kuona vigae nyuma yake. Akazifungua picha zile moja moja. Ya kwanza, hakuna mtu. Ya pili, hakuna mtu. Ya tatu, mwanamume wa fulana ya ndani, kofia usoni, barakoa ya vumbi puani, kopo la rangi mkononi, amejitokeza nyuma ya nguzo anachungulia. Masikini! Alisikia kamera ikilia mara mbili, akadhani mambo yamekwisha. Hakujua kwamba siku hizi picha moja hupigwa mara tatu.

Uso hauonekani. Lakini bega la kulia lilikuwa fupi, limeingia ndani, na vipande vya mfupa wa mtulinga vimepandiana pale vilipoungia.

Mama Eksirei aliweka kikombe chini polepole. Mfupa ule aliupiga picha yeye mwenyewe, mara mbili. Siku ulipovunjika, na wiki sita baadaye.

"Kumbe wewe," alisema.

Usiku ule hakulala vizuri. Asubuhi alimwambia binti anakwenda sokoni. Sokoni na stendi ya miguu mitatu begani! Binti alikuwa amelia mno hata hakuuliza.

Alipofika bwawani hakutafuta. Alisimama katikati ya vigae, mikono kiunoni.

"Toka huko nyuma!"

Sauti ndogo ikatoka nyuma ya nguzo: "Shikamoo mama."

"Marahaba. Toka."

Karani wa bima akatoka ameinamisha kichwa, kopo kalificha mgongoni kama mtoto aliyefumwa na sukari. Rangi ya buluu mpaka kwenye nyusi.

"Mkeo kahama nyumba, wewe unapaka rangi?"

"Mama, wanavunja Jumatatu. Nimekaa na zile kuta za nyumbani usiku kucha, nimeshindwa, sikujua pa kwenda..."

"Mwanamke yuko wapi?"

"Mwanamke gani?"

"Unayemfuata kila Ijumaa!"

Mkwe alitoa macho. Hasira ya kusingiziwa ilimpanda, adabu ikaishusha. Akaelekeza kidevu gizani, chini ya jukwaa. "Mwanamke ni mmoja tu. Yule pale."

Mama akawasha tochi ya simu. Mwanga ulikula hatua mbili za ukuta, basi. Akaona mikono iliyokunjwa kifuani. Akapandisha tochi, akaona mdomo uliobenuliwa kidogo upande wa kushoto, mdomo wa mtu anayesubiri uongo wako uishe ndipo aseme. Mama Eksirei aliuzaa mdomo ule. Juu yake, palipotakiwa macho, plasta tupu.

"Mbona hujammalizia?"

Mkwe akakaa kwenye ukingo wa bwawa, mara ya kwanza kukaa kabla yake, akamwaga yote. Miaka mitatu iliyopita, kama mama alivyojua, alianguka kutoka ukuta wa ghala akichora, bega likavunjika, na mkewe akamwapisha mbele ya wazee kwamba hatapanda ukuta tena. Akaapa. Akajikaza mwaka, akajikaza wa pili. Akawa anaota rangi. Ndipo akaanza kuja huku, Ijumaa alasiri, kwa mapatano na mlinzi, achore chini chini tu. Wengine wote amewachora akiwa amesimama kwenye ukingo. Mkewe peke yake alitaka kumchora mrefu, atawale ukuta mzima.

"Ngazi ipo, ya mlinzi. Lakini nikifika kipandio cha nne, magoti yanacheza. Nashuka. Mwezi mzima sasa, mama, nafika cha nne nashuka."

"Kwa nini hukumwambia mwenzako?"

"Angenikataza."

"Na sasa anakuacha. Nafuu ipi?"

Mama akampigia binti simu: njoo huku, mumeo yuko peke yake na ukuta. Binti akakata. Mama akapiga picha kwa simu, akamtumia. Jibu likaja: "Mama hii ni nini? Naona tundu jeupe na lami." Na kweli, simu ilikuwa imeona jua la paani, mengine yote ikayapaka masizi.

Mama Eksirei alikunja mikono ya gauni.

"Haya. Wewe rudi nyuma ya nguzo, na safari hii usichungulie."

Hapo ndipo kazi ilipoanza! Tatu hazikutosha, akapiga tano. Akatazama kioo cha kamera, kona bado nyeusi, akafuta. Akapiga saba, kuanzia ya giza totoro iliyoona mawingu tu mpaka ile ya sekunde nane iliyochemsha kila kitu kikawa cheupe, ila kona ikafunguka. Njiwa akakatiza. "Mshenzi wewe!" Akarudia. Akazuia pumzi yeye mwenyewe, kwa mazoea, kana kwamba pumzi yake ingetikisa ukuta. Mara ya nne akaipata. Alijua ameipata kabla ya kuiona, vile vile alivyokuwa akijua zamani mgonjwa akitulia sawasawa. Akapiga vigelegele bwawani, vikarudi kutoka pande zote, na nyuma ya nguzo mtu akauliza kwa woga kama sasa anaruhusiwa kupumua.

Nyumbani aliviunganisha vipande saba kwa mkono mwepesi. Vitufe vilimwita, akavikatalia. Akivuta kidogo tu, binti atasema mama katia chumvi, na hapo hakuna tena atakachoamini. Rangi akaziacha kama ukuta ulivyozitoa. Kisha akageuza kompyuta.

"Njoo uone mwanamke wa mumeo."

Binti alikuja amenuna. Akatazama fundi cherehani, akatazama muuguzi. Jicho likasogea kulia, likaingia mahali palipokuwa giza, likasimama.

"Huo mdomo ni wangu."

"Ni wako."

"Mimi nabenua mdomo hivyo?"

"Hata sasa umebenua."

Binti akaushika mdomo wake. Akasogelea kioo cha kompyuta zaidi. "Macho yangu yako wapi?"

"Hajafika. Anaogopa ngazi."

Ungedhani atalia, au atacheka. Aliruka kwenye kiti kama aliyeumwa na siafu. "Ngazi? Amepanda ngazi? Na bega lile! Peke yake, na ngazi ya kuokota! Mama, yule mtu niliona mfupa wake kwenye karatasi yako, niliuona umekatika kama njiti, niliuona mimi!" "Mwanamke ningeweza. Ningemwacha, yakaisha. Huyu anataka nimzike."

Alikuwa ameshavaa viatu. Mama alimfuata na kamera, mbio, viatu vya mguu huu na ule havikulingana.

Bwawani mkwe alikuwa amesimama chini ya ngazi, kopo mkononi. Alipomwona mkewe anashuka vigae, alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Hawakusalimiana. Binti aliipita tai ya mumewe iliyoning'inizwa kwenye bomba, akamfikia, akamtia mkono begani, akalipapasa pale mfupa ulipopandiana, kwa vidole vyote.

"Uliniapia."

"Niliapa."

"Ukaniacha niwaze mwanamke mwezi mzima. Wazee nimewaita. Kesho nitawaambia nini mimi?"

"Waambie nimevunja kiapo. Ni kweli."

Binti alitazama juu, pale pasipo na macho, akapima urefu. Akaitikisa ngazi. Ikalia. Akatukana kidogo, akaisogeza, akakita miguu yake mbele ya miguu ya ngazi, akaishika kwa mikono miwili mpaka mishipa ikamtoka.

"Panda," alisema.

"Mke wangu..."

"Panda kabla sijabadili mawazo. Jumatatu wanavunja."

Akapanda. Kimoja, viwili, vitatu. Cha nne magoti yakaanza, ngazi nayo ikatetemeka, mama akaona kwenye kioo cha kamera picha nzima inacheza. Chini, binti aliegemeza kifua chake kwenye vipandio, uzito wake wote, akafumba macho.

"Fumbua," sauti ilitoka juu, hafifu. "Nahitaji kuyaona."

Akafumbua, yamejaa machozi, akamtazama mumewe. Ngazi ikatulia. Karani wa bima akainua mguu, akakikanyaga cha tano.