Kamba ya Ndoo ya Mwanvua

Jumanne asubuhi Blanchard, mkata matawi, alisimamisha pikipiki yake mbele ya nyumba ya Mwanvua katika mtaa wa zamani wa reli, akashusha kamba, panga na msumeno wa mashine. Mji mzima wa Kindu unamjua. Wenye nyumba za matofali zilizobaki tangu enzi za Wabelgiji humwita kabla ya mvua kubwa. Asiyemwita mapema humwita baadaye, kuja kuutoa mti sebuleni.

Aliuzunguka msafu taratibu. Ni mti wa safu, yale matunda ya zambarau yanayolainishwa kwa maji ya moto na kuliwa na chumvi, na huu ulipandwa na fundi wa kwanza wa reli aliyeishi pale. Blanchard aligonga shina kwa bapa la panga, akasikiliza, akagonga tena.

"Mama, iko mutu kule juu?"

"Iko. Ni bwana yangu, Abdallah."

"Kwenye tawi gani?"

"La juu kabisa."

Blanchard hakufurahi. Swali hilo huliuliza kama anavyouliza habari za nyuki, maana tangu vita miti mingi ya mitaa ya zamani ina watu, na kila mmoja ana tabia zake. Karibu na misheni aliwahi kumhudumia mwanamke wa kwenye mparachichi ambaye alishuka kwa ajili ya harusi ya mdogo wake, akala, akacheza, akapanda tena. Huyo hakumsumbua hata kidogo. Wanaosumbua ni wa tawi la juu kabisa.

Abdallah alipanda wakati wa vita. Alikuwa dereva wa treni, na Komanda Anaclet, aliyeushika mji siku zile, alimwamuru avute behewa moja lililofungwa kufuli, aliache katikati ya msitu, kisha arudi na injini peke yake. Njiani behewa lilikuwa likigongwa kutoka ndani. Aliporudi alifanya kosa ambalo dereva mwenye mazoea ya ratiba ndiye anayeweza kulifanya: alikwenda kwa komanda, kofia mkononi, akauliza wale watu watarudishwa lini, ili aiandae injini. Jioni askari walikuja kumchukua. Walipekua dari, choo na pipa la maji. Mvua ilikuwa inanyesha, na mtu anayetazama juu huingiwa na maji machoni, kwa hiyo hakuna aliyetazama juu.

"Nitashuka treni ikipiga honi ya amani," Abdallah alimwambia mkewe kutoka tawi la kwanza.

Mwanvua, aliyekuwa na mimba, alifunga kamba kwenye ndoo, akamrushia ncha ya pili, na mumewe akavuta wali na sombe yake ya majani ya muhogo akala.

Vita vilikwisha, treni ikarudi, ikapiga honi. Abdallah aliteremsha mguu mmoja. Kutoka pale alikiona kituo, wanafunzi na maua yao, na mtu wa kwanza kushuka kwenye treni: Anaclet, amevaa suti, mjumbe wa amani. Abdallah aliurudisha mguu, akapanda tawi moja. Anaclet alipofanywa mkurugenzi, Abdallah alipanda tena. Alipochaguliwa mbunge, akapanda tena. Kila mara Mwanvua aliunga kipande kingine cha kamba. Majirani hawakumuuliza kitu. Mwenye macho haambiwi tazama.

Binti yao, Divine, alikua akimjua baba yake kwa nyayo tu, alizoziona kutoka chini, na kila mwaka nyayo zilizidi kuwa ndogo. Sasa naye ana mapacha, na hao wanalala chini ya kilele cha msafu huo huo. Mti umeelemewa na kichwa chake. Tangu dhoruba ya mwisho shina lilikuwa na ufa unaomeza kiganja.

"Kichwa kimekuwa kizito," Blanchard alisema. "Nikikikata, mti utaishi. Nisipokikata, hautamaliza mvua hizi."

"Watoto wakilala chumba kingine?"

"Mama, nyumba yote iko chini yake. Mti utachagua wenyewe."

"Basi kata. Lakini bwana yangu ashuke kwanza."

Blanchard alijifunga kamba, akapiga hodi kama inavyotakiwa, akakaribishwa kutoka juu, akapanda. Aliposhuka alikunywa maji kwanza.

"Anawasalimia. Ananiuliza, Anaclet iko na cheo gani sasa? Nikamwambia angali mbunge. Akasema basi hawezi kushuka hata tawi moja."

"Umemwambia habari ya watoto?"

"Nilimwambia. Alilia." Blanchard alikunja kamba yake. "Miye nakata miti, mama. Sikati mutu."

Aliegemeza vipande viwili vya reli ya zamani kwenye shina, akaonya kwamba hiyo ni dawa ya siku chache tu, akaondoka.

Kesho yake Mwanvua alivaa kitenge chake kizuri akaenda kwa Anaclet, upande wa mtoni. Katika uwanja ule mkubwa hapakuwa na mti hata mmoja. Palikuwa na visiki, vimepakwa chokaa vizuri. Mheshimiwa alimpokea kwa heshima zote, akamletea soda baridi.

"Mheshimiwa, sikuja kukushitaki," Mwanvua alisema. "Sema tu wale watu wa behewa wako wapi. Bwana yangu akisikia, atashuka."

"Behewa gani, mama?"

"Lile la kufuli."

"Ah, mama. Ile vita ilitutesa sisi wote." Alisema kwa upole kabisa, na inawezekana alikuwa akiamini. "Mwambie muzee ashuke. Reli inatafuta watu wa uzoefu. Nitamsemea."

Mwanvua aliona hasira, na pamoja na hasira aibu, kwa sababu kwa dakika nzima alikuwa ametamani kusema asante. Aliiacha soda bila kuigusa.

Alhamisi mchana redio ilitangaza kwamba mwana wa jimbo la Maniema, Mheshimiwa Anaclet, ameteuliwa kuwa waziri. Pikipiki za mjini zilipiga honi zote pamoja. Hakukuwa na upepo, lakini msafu ulitikisika, na safu mbivu zikanyesha juu ya bati. Divine alitoka mbio na pacha mmoja kila upande wa kiuno. Walitazama juu. Nyayo zilipita tawi la mwisho, zikapita jani la mwisho, zikaendelea.

"Baba anaenda wapi?" Divine aliuliza.

"Anapanda," Mwanvua alijibu, akalia pale pale, mbele ya watu, bila kujifunika uso. Kisha akaingia ndani kutafuta kamba.

Blanchard alikuja kesho yake. Akapiga hodi. Jibu lilitoka mbali kupita mti, dogo, lakini lilikuwa jibu.

"Sasa mti uko wazi," alisema, akawasha msumeno.

Alifanya kazi safi. Alikitoa kilele kipande kwa kipande, akakishusha kwa kamba bila kutoboa hata bati moja, akafunga ufa kwa vyuma. Majirani walikuja kuchukua kuni na kuusifu mti. Mchana ule mapacha walilala usingizi mzito, na Divine naye akalala kando yao, jambo ambalo hakulifanya tangu dhoruba.

Ndoo tu ndiyo iliyobaki. Ilikuwa inaning'inia juu kuliko paa, kamba yake imenyooka kwenda juu, mahali ambapo sasa palikuwa na anga tupu. Hakuna mkono ulioifikia. Blanchard aliegemeza ngazi, akaifungua ndoo, kisha akamshikia Mwanvua ngazi apande kuishika ncha ya kamba, naye akaanza kuiunga na kamba ya kuanikia nguo.

Alitia wali na sombe, akaweka safu mbili juu, akavuta kamba mara moja kumjulisha. Ndoo ilipanda. Ilipita paa, ikapita mti uliokatwa, ikaendelea mpaka wakaumia shingo.

Blanchard alifunga msumeno wake kwenye pikipiki. Kabla ya kuondoka alifikiri kidogo.

"Mama, kupita waziri, iko cheo kingine?"

"Iko," Mwanvua alisema. Alikuwa amekwisha kaa chini, akiunganisha kipande kingine.