Koti Kwenye Kiti cha Daktari

Sabuni ya unga ilikuwa imepanda bei tena, kwa hiyo Mama Povu alifua shuka za wodi kwa sabuni ya mche aliyoikwangua kwa kisu. Bomba nalo lilikuwa likikohoa zaidi kuliko kutoa maji. Alisugua, akasuuza, akakamua, sikio moja likiwa kwenye bomba, jingine kwa mfuaji mwenzake, mwanamke ambaye habari haikumpita hata ingefungiwa sandukuni.

"Umesikia ya yule tabibu msaidizi wa kituo cha afya cha ng'ambo ya mto?"

"Yapi tena?"

"Kachukuliwa na polisi jana. Mgonjwa kamfia mkononi. Daktari wake alikuwa kwenye kliniki yake mwenyewe huko mjini. Basi mkubwa kalala kwake, mdogo kalala ndani."

Mama Povu aliacha kusugua. Binti yake alikuwa mwaka wa mwisho wa kusomea kazi hiyo hiyo, na mazoezi alikuwa akifanyia hapa hapa kituoni, katika chumba cha daktari, hatua chache tu kutoka kwenye kufulia.

"Usinitie presha, shoga."

"Mimi? Mimi nakupa habari tu. Presha utajipa mwenyewe."

Watoto wanaingia utabibu usaidizi kwa sababu nyingi, na wewe mzazi usidhani mwanao kakuambia zote. Mmoja anaona masomo ni mafupi, udaktari utamzeesha darasani. Mwingine alama zilimwangusha padogo. Mwingine kasikia ajira ipo. Binti wa Mama Povu alikuwa na yake. Alikulia kwenye kufulia huku, akichezea mapovu, akichungulia wodini. "Daktari alikuwa anapita, mama," alisema siku alipochagua. "Tabibu ndiye aliyekuwa anakaa. Mimi nataka kuwa yule anayekuwepo."

Mama alifurahi siku ile, akapiga hata vigelegele. Sasa alikuwa anaelewa kitu ambacho furaha haikumwonyesha: lawama haimtafuti aliyeondoka. Inamkuta aliyepo.

Alipiga moyo konde. Leo leo, wakitoka kazini, atamwambia aache.

Asubuhi hiyo alikuwa ameshafanya kazi yake ya kwanza, kama kila siku: kupeleka koti jeupe lililopigwa pasi na kulitundika nyuma ya kiti cha daktari. Ndiyo ilikuwa desturi ya kituo. Koti likiwa kitini, daktari yupo. Katoka kidogo tu, anarudi. Wakubwa wakija kukagua wanaliona, wanaridhika, wanaondoka. Koti lenyewe halikuwa na jasho wala doa. Mama Povu alilifua hivyo hivyo, maana aliyempa kazi alisema lifuliwe.

Jua lilikuwa limeanza kuchoma paa aliposikia sauti ya binti yake ikipanda. Aliifahamu sauti ile. Alitoka mbio, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko.

Mlangoni kwa daktari foleni ilikuwa imevunjika. Ndani, juu ya kitanda, alilala mwanamke mjamzito, uso umemvimba mpaka macho yamekuwa nyuzi. Mwili ulikuwa umetoka kukakamaa na kutupatupa miguu; sasa alikoroma. Dada yake alimshika kichwa, analia bila sauti. Binti alikuwa ameshamlaza kwa ubavu na kumchoma sindano ya kuzuia kifafa cha mimba. Kijasho chembamba kilimshuka.

"Hapa hatuna upasuaji," alikuwa akimwambia msimamizi wa kituo. "Apelekwe hospitali kubwa sasa hivi. Kifafa kikirudi tena tutawapoteza wote wawili."

Msimamizi huyo wafanyakazi walimwita Bwana Muhuri, kwa jinsi alivyopenda kugonga muhuri. Aliutikisa ufunguo wa gari la wagonjwa kidoleni.

"Gari haliondoki bila idhini ya daktari. Mafuta unayajua bei yake?"

"Nimempigia, hapokei."

"Basi msubiri."

"Mzee, daktari hayupo!"

"Nani kasema hayupo?" Bwana Muhuri akaonyesha kwa kidevu. "Koti lake si lile pale? Katoka kidogo. Wewe mwanafunzi usinifundishe kazi."

Mama Povu alilitazama koti. Jeupe, limenyooka, kola imesimama. Kilichomzuia mgonjwa asitoke ni koti hili, na aliyelitundika alikuwa yeye, kwa mikono yake hii hii, na pasi juu.

Alijua kitakachofuata akifungua mdomo. Atamwaga unga, na binti atamwagiwa wake. Alijua pia akinyamaza nani atalala ndani usiku. Miguu ikaenda kabla kichwa hakijamaliza. Aliingia, akalivuta koti kutoka kwenye kiti, likashika povu lote.

"Hili nimelitundika mimi asubuhi," alisema, akiliinua foleni ilione. "Na jana nilitundika mimi. Daktari hakufika jana. Leo hajafika."

Kisha mzee mmoja kwenye foleni akasema, "Kumbe tumekaa hapa tunangojea nguo!"

Mtu akacheka, mwingine akatukana. Foleni ikasogea, ikajaa mlangoni, macho yote kwa Bwana Muhuri. Dereva wa gari la wagonjwa, aliyekuwa amesimama dirishani muda wote, aliunyosha mkono wake tu. "Lete ufunguo, bosi. Hawa watu hawana utani leo."

Walimbeba mgonjwa kwa shuka. Binti akapanda naye, mkono uko kwenye mshipa wa shingo, hakumtazama mama yake hata mara moja.

Walirudi mchana umelegea. "Kapokelewa yu hai," dereva alisema. "Wamemwingiza upasuaji. Ya mtoto hatujaambiwa."

Bwana Muhuri alikuwa anawangoja barazani, ametulia, kama mtu aliyeshakula akashiba.

"Nimeongea na daktari. Sasa hivi kapokea," alimwambia binti. "Anasema yeye hakukuagiza umguse yule mgonjwa. Mwanafunzi hachomi sindano bila daktari wake kuwepo. Nipe kitambulisho. Akifa, utajieleza polisi. Akipona, utajieleza chuoni."

"Na mimi?" Mama Povu aliuliza.

Bwana Muhuri alimtazama kama aliyesahau kuwa yupo. "Wewe kafue. Kesho koti liwe mahali pake."

Walitoka langoni mama na mwana. Maneno ya Mama Povu yalikuwa tayari: acha mwanangu, kazi ziko nyingi, kashone, kauze duka la watu. Alifungua mdomo.

"Tabibu! Tabibu!"

Mwanamke wa kwenye foleni alikuwa anawakimbilia, kitoto kimefungwa kifuani. "Zamu yangu ndiyo ilikuwa inafuata."

"Mimi nimesimamishwa, dada," binti alisema. "Rudi ndani."

"Ndani kuna nani?"

Binti alitazama lango, akakitazama kitoto. Mbavu zake zilikuwa zinaingia ndani kila kilipovuta pumzi. Akapiga magoti kwenye kokoto.

"Hebu mfunue kifua. Kimeanza lini kupumua hivi?"

Kule langoni Bwana Muhuri alikuwa ametokeza, anaangaza huku na huku. Mama Povu alimwona. Akayameza maneno yake yote, akazunguka upande wa pili, akasimama kati ya lango na mwanawe, akajitanua kadiri mwili wake ulivyoweza.