Bi Uzi Alisema Karibuni

Hivi wewe, mgeni mmoja akibisha hodi, ulimi haujawahi kukuteleza ukamjibu "karibuni", kana kwamba umekuja ukoo mzima? Basi Bi Uzi naye aliteleza hivyohivyo. Alikuwa kwenye cherehani, miguu kwenye pedali, pini zimebanwa mdomoni, anapinda suruali ya askari wa wanyamapori. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye safu ya nyumba za wafanyakazi, ndani ya uzio wa hifadhi. Marehemu mumewe alikuwa askari hapo, na mjane aliachiwa chumba kwa sababu ndiye aliyeshona sare za wote.

"Hodi," ilisema sauti ya kukwaruza.

"Karibuni," akajibu kwa pembe ya mdomo.

Akaingia chura. Alikuwa yule chura wa manjano wa kinamasi cha hifadhi, mwenye mstari mweusi mgongoni, ambaye hapatikani kwingine kokote duniani. Vumbi lilikuwa limemjaa mpaka kwenye kope. Bi Uzi alitoa pini mdomoni, akamtilia maji kwenye beseni la kulowekea nguo, akarudi kwenye suruali yake.

Lakini neno lilishatoka, na lilikuwa neno la wengi. Jioni iliyofuata akaja fisimaji, mzee wa sharubu nyeupe, akajikunja juu ya kigoda. Korongo akasimama kwa mguu mmoja karibu na meza ya pasi. Lile ua jeupe la kinamasi, ambalo watalii hulipigia magoti wapate picha nzuri, lilichelewa kwa kuwa lilitembea kwa mizizi. Likajipanda kwenye droo ya cherehani, katikati ya vifungo. Bi Uzi akahamishia vifungo kwenye kopo.

Kinamasi kilikuwa kimekauka. Maji ya chemchemi yalitiwa kwenye bomba yakapelekwa kwenye bwawa la kuogelea la hoteli, ng'ambo ya kilima. Bomba lilipita chini ya sakafu ya Bi Uzi, na cherehani ikinyamaza aliyasikia maji yakienda, shwaa. Aliyelilaza ni mwanawe wa pekee, fundi bomba, anayeishi hukohuko hotelini.

Mkuu wa hifadhi alikuja kupima koti. Alisimama mikono ameitanua, akatazama huku na huku.

"Aa, kumbe wako hapa!" akashusha pumzi. "Mama yangu, kichwa kilikuwa kinaniuma. Watalii wanauliza wamekwenda wapi, na mimi sina la kujibu."

"Wanataka maji yao, bosi."

"Nyumba hii iko ndani ya uzio au nje?"

"Ndani."

"Basi hawajapotea, wako hifadhini." Akajigeuza kwenye kioo. "Bega hili linavuta kidogo."

Kesho yake kibao cha mshale kiling'olewa kinamasini, kikasimikwa mbele ya mlango wa Bi Uzi. Watalii wakawa wanachungulia dirishani.

"Na huyu je?" mmoja aliuliza.

"Huyu ni fundi wetu," alisema mwongozaji. "Wa mwisho wa cherehani ya miguu."

Wakampiga picha na yeye.

Usidhani chumba kikijaa hivyo upweke unaondoka. Wapi! Wageni wale baada ya hodi hawakusema kitu tena. Jioni wote waliinamisha vichwa wakisikiliza sakafu. Wao walisikiliza maji. Yeye alisikiliza kazi ya mikono ya mwanawe.

Siku moja fundi bomba akaja na ovaroli iliyochanika goti.

"Hodi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu, najua una haraka."

Ndivyo alivyomkaribisha miaka yote, ili mwanawe asije akaona aibu kuondoka mapema.

"Kweli, mama, nina haraka." Akamsogeza fisimaji, akakaa nusu kigoda. Akamwona chura. "Kumbe huyu yuko huku. Nilipokuwa nachimba mtaro alikaa pembeni ananitazama tu."

"Bomba halina koki, ukalifunga?"

"Koki ipo, mama. Imefungwa kwa kufuli la hoteli. Nikiigusa sina kazi."

Bi Uzi akaitika kwa kichwa. Akatia kiraka, kidogo kidogo, kiraka kizuri cha kushona mara mbili, ingawa goti lilihitaji mara moja tu. Kisha hapakuwa na pa kushona tena. Akakata uzi kwa meno.

Fundi bomba akainuka, akavaa, akashika mlango. Chini ya sakafu maji yakapita kwenda kuogelewa. Chura, korongo na fisimaji wakainamisha vichwa, na ua likainama mle drooni. Bi Uzi peke yake hakuinama.

"Baba," alisema, "mimi sijawahi kujua kama una haraka. Nilikuwa nasema tu. Nilitaka ukae."