Namba Ndogo ya Maji

Kwa mara ya tatu wiki hiyo, Mwalimu Kavata alipiga mstari mwekundu kwenye daftari la Kadzo. Hidrojeni na oksijeni zikiungana hupatikana maji, yaani H₂O. Lakini Kadzo, kama wenzake thelathini wa Kidato cha Pili, alikuwa amechomeka 2 ndogo chini ya O ili pande mbili za mlinganyo zilingane.

"Namba ndogo haiguswi," Kavata alisema. "Unaweka namba kubwa mbele. Nimelisema hili mpaka koo limenikauka."

"Nimesikia, Mwalimu," Kadzo alijibu kwa upole. "Lakini oksijeni ni mbili huku, mbili kule. Zimelingana. Kosa langu liko wapi?"

"Kanuni ndiyo hiyo. Andika."

"Nikiandika nisichokielewa, kesho nitakosea tena."

Kavata alihisi damu ikimpanda. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki mbili, mada nne hazijaguswa, na maabara ya shule yao hapo Marafa ilikuwa kabati moja lenye kufuli bovu. Akamwamuru msichana atoke nje. Kadzo akatoka bila kuguna, akaketi barazani, na kupitia dirishani Kavata akamwona ameinamia daftari, anafuta na kuandika upya.

Hilo ndilo lililomkera zaidi. Swali lilikuwa la haki, naye hakuwa amelijibu.

Jioni alipitia duka la dawa, akanunua kichupa cha dawa ya kuoshea vidonda. Kesho yake akaweka bilauri mbili mezani, akamwita Kadzo mbele.

"Haya ni maji. Na hii hapa ni dawa ya kuoshea vidonda; ina H₂O₂, ile uliyoandika wewe."

Akatia kipande cha muhogo mbichi katika kila bilauri. Cha kwanza kikatulia tu. Cha pili kikaanza kutoa povu jeupe mpaka likakifunika, na waliokaa nyuma wakasimama wapate kuona.

"Ukiwa na kiu utakunywa ipi?"

Kadzo alilitazama lile povu. "Kumbe nilikuwa nabadilisha kitu chenyewe," akasema taratibu. "Sikuongeza maji, kama namba kubwa ya mbele inavyofanya."

"Ndivyo. Na jana nilikukosea kwa kukutoa nje."

Katika jaribio la Ijumaa Kadzo alipata yote. Wenzake ishirini na mmoja waliandika H₂O₂ tena. Kavata akaweka kalamu chini, akajishika kichwa, kisha akavuta daftari lililofuata.