Kiti cha Pili cha Mzee Saba

Usiku wa jana niliota, na wewe ulikuwemo: umesimama mlangoni pa stoo ya seva, ile kompyuta kuu ya ofisi, umegeuza uso kama vile hujaiona ile karatasi. Usijifanye. Kila ofisi inayo. Imebandikwa kwa selotepu juu ya mashine: USIGUSE.

Stoo ilikuwa ile ya kliniki yetu ya watoto, kati ya ndoo za kudekia. Seva haikuwepo. Mahali pake alikaa mzee kwenye kiti cha plastiki, ameshikilia dari kwa kichwa.

"Shikamoo. Wewe nani?"

"Marahaba. Mimi ni Toleo la Saba la lugha ya kompyuta iliyotumika kuandika programu yenu. Nikisimama, dari linashuka."

"Basi kaa, mzee wangu."

"Nikae mpaka lini? Walionitengeneza wameacha kuniletea dawa ya kuziba matundu tangu mwaka juzi. Wezi wanapita kwenye magoti yangu. Tazama."

Natazama. Mwizi mmoja anapita gotini. Ananisalimia vizuri tu.

Mlango unagongwa. Vifurushi vya masasisho vimepanga foleni, vimefungana kamba kiunoni.

"Tunaingia wote au haingii mtu," kinasema cha mbele. "Na mzee anatoka. Bonyeza ndiyo."

Kitufe cha NDIYO kinarukaruka kiganjani mwangu kama panzi.

Hapo nikakumbuka. Mimi sisahau. Miaka sita iliyopita, siku ya Jumanne, bosi alisema, "Bonyezeni ndiyo kwa yote, chai inapoa." Tukabonyeza. Lugha ikabadilika, programu ya chanjo ikafa, na kwa siku kumi na moja muuguzi wetu, Bi Tumpe, akawarudisha kina mama nyumbani kwa sababu hakujua mtoto gani kachanjwa nini. Hakuna aliyeulizwa. Tulibandika karatasi, basi.

Nageuka, stoo imekuwa baraza la kliniki. Bi Tumpe amepakata watoto arobaini.

"Fundi, hawa wanauliza surua walichanjwa lini."

"Waambie wasubiri."

"Kaka yangu alisubiri siku kumi na moja," kinasema kichanga cha wiki tatu, bila hasira.

Nakitupa NDIYO ndani ya ndoo.

Anaingia binti, amebeba kiti kichwani. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, Nane, toleo jipya. Umekuja kunizika?"

"Nimekuja kukaa na wewe. Hawa mafundi miaka yote wana kiti kimoja tu, halafu wanashangaa dari likianguka."

Nachora kliniki nyingine kwa chaki, nakala ya hii, na watoto wote arobaini, mpaka kamasi zao. Nane anakaa humo na dari lake. Mzee Saba tunamfunga kitini kwa kanga ya Bi Tumpe, vifurushi visimsukume. Navyo navifungua kamba, vinaingia kwa Nane kimoja kimoja, vinanung'unika.

Kwenye nakala, watoto watatu wanasomeka kuwa watazaliwa mwakani.

"Afadhali kosa litokee huku kwenye chaki," anasema Bi Tumpe. "Rekebisha, fundi, mama zao wako nje."

Nabadilisha boriti moja, ile ya tarehe. Watoto wanarudi kwenye umri wao. Nane anahamia kliniki ya kweli, chumba baada ya chumba, mpaka kanga inafunguliwa.

Mzee Saba akasimama. Dari likabaki juu. Akapangusa suruali.

"Kumbe nje kuna jua," akasema, akaondoka.

Nikaamka. Kisiginoni kwangu kulikuwa na karatasi imeganda kwa selotepu: USIGUSE. Mwandiko ni wangu, wa miaka sita iliyopita. Chini yake mkono unaotetemeka umeongeza: Vuta kiti cha pili.

Naandika haya nikiwa stoo, nakala inajengeka pembeni yangu. Bi Tumpe ameniletea chai na kuuliza kama leo tutafunga kliniki. Nimemwambia hatufungi.

Na wewe, acha kutazama pembeni. Karatasi yako bado ipo. Inuka sasa hivi, kaibandue, utengeneze nakala, kabla mtu hajasema ndiyo kwa yote.